Mafuta ya Jua Yasiingie Machoni

Leo nazungumza juu ya ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuzuia jua. Likiwachoma kila siku, linaweza kuleta saratani. Hapa Mbozi kuna baridi, lakini jua linachoma vile vile. Ndiyo maana wanapaka mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi.

Lakini wengine huyaacha. Ukiwauliza, wanasema, "Yananiwasha macho." Ni kweli. Mtu akilima, jasho huteremsha mafuta mpaka machoni. Tusiyaache, tujifunze kuyapaka.

Paka robo saa kabla ya kwenda shambani. Usipake kwenye kope. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Vaa kofia pana. Ndani yake funga kitambaa kinyonye jasho. Usisugue macho. Paka tena kila baada ya saa mbili.

Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi. Maumivu yasipoisha, nenda zahanati.

Mzazi, mtoto akilalamika, usiitupe chupa. Mfundishe.