Nani Ataipima Ahadi ya Minamata? Hoja kutoka Lac Vert



Tarehe 16 Agosti 2017 Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulianza kutumika. Umepewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye sumu ya zebaki, iliyomwagwa baharini na kiwanda cha Chisso. Kabla madaktari hawajajua kisa na sababu, paka wa wavuvi walikuwa wamekwisha kuanza kuyumbayumba na kufa. Wanyama ndio waliotoa ushahidi wa kwanza. Nami nasema leo kwamba mkataba huu uhukumiwe kwa ushahidi wao, si kwa wingi wa sahihi za mawaziri.

Mkataba wenyewe umefungua mlango huo. Kifungu cha 22 kinaagiza utendaji wake utathminiwe, na kifungu cha 19 kinataja samaki, kasa na ndege miongoni mwa viumbe vya kupimwa. Ripoti za serikali hutueleza sheria zilizopitishwa na shehena zilizopita forodhani. Zebaki ya magendo haina ripoti, ila nayo huishia majini. Huko bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ikishaingia mwilini hutoka polepole sana. Samaki mdogo humeza vijidudu, mkubwa humla mdogo, mnandi humla mkubwa, na kila hatua sumu huzidi. Kwa hiyo sambaza, samaki mdogo mwenye maisha mafupi na chakula cha vijidudu, hawezi kutoa ushahidi peke yake. Tuwatafute pia mnandi, mdiria na fisi-maji.

Wala hatuhitaji kumuua ndege. Unyoya unapoota, mwili husukumia humo sehemu ya zebaki yake. Unyoya ukikomaa, kiasi hicho hubaki humo. Maabara huuosha, huukata vipande na kuuchoma ndani ya mashine. Mvuke wa zebaki hunaswa kwa dhahabu, kisha dhahabu hupashwa moto ili iuachie upimwe. Ni kemia ileile ya mchimbaji wa Kamituga au Mongbwalu anayenasa dhahabu kwa zebaki na kuichoma, huku mvuke ukimwingia mapafuni. Hata ndege waliohifadhiwa zamani katika majumba ya makumbusho wanaweza kutueleza hali ya kabla ya mkataba. Sharti ipimwe zebaki ya methili, kwa sababu wahifadhi wa zamani walizipaka baadhi ya ngozi chumvi za zebaki ili wadudu wasizile.

Kwa nini tuipime Lac Vert, mtaani kwetu? Kwa sababu hapa Goma tuna washukiwa wawili wanaoweza kuchanganywa: mlima na machimbo ya dhahabu. Volkano nazo hutoa zebaki, na Nyiragongo, iliyolipuka 1977, 2002 na 2021, iko juu ya vichwa vyetu. Muuza zebaki atasingizia mlima, na asiyejua atausingizia uchimbaji kwa kila kitu. Lac Vert ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano, na hakuna mto unaoliletea tope la machimbo. Zebaki yake itatoka hasa hewani, kwenye mvua, kwenye mwamba, na kwetu tunaoishi ukingoni. Tukiipima sambamba na mito ya machimbo, mwaka baada ya mwaka, na kulinganisha na vipimo vya gesi vya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, tutaweza kutenga mkono wa mlima na mkono wa mtu. Zebaki ikipungua kwa samaki wa mito ya machimbo huku ya Lac Vert ikibaki palepale, tutakuwa na sababu nzuri ya kusema kazi inafanyika huko. Isipopungua, tuwaambie wakubwa wazi kwamba ahadi haijatimizwa.

Naviomba vyuo vyetu, wahifadhi wa Mbuga ya Taifa ya Virunga na vyama vya wavuvi waanze pamoja: samaki wa aina moja na urefu mmoja, msimu uleule, na manyoya yaliyookotwa ukingoni, yakiandikwa tarehe na mahali. Kazi hiyo haihitaji kusubiri mkutano wa mkataba huko Geneva. Na majibu yasomwe kwanza hapa Lac Vert, kwa Kiswahili, mbele ya wanaokula samaki hao.