Mafua Yasiyokwisha



Wapendwa, leo tuweke kando mambo ya mbuzi na mikopo, tuzungumze juu ya pua. Msicheke. Tukitembelea vikundi tunakuta wanachama ambao mafua hayawaishi: pua imeziba, uso mzito, makamasi yanateremka kooni usiku. Wengine hawasikii harufu hata kidogo. Mama wa namna hiyo hajui kama maziwa yamechacha au mboga inaungua. Na kila mara anakopa pesa za kikundi akanunue kapsuli.

Ndani ya mifupa ya uso, kwenye paji, mashavu na kati ya macho, mna nafasi zenye hewa ziitwazo sainasi. Zimeunganishwa na pua kwa vijia vyembamba. Utando wa ndani ukivimba, vijia hufunga na makamasi hukwama. Ikipita majuma 12, huo ni ugonjwa sugu. Mara nyingi tatizo hapo ni uvimbe wenyewe, kwa hiyo kapsuli za kuua viini, tena zile chache chache za dukani, haziumalizi. Yale matone ya kuzibua pua nayo ni raha kweli mwanzoni, lakini ukiyatumia zaidi ya siku tano pua inaweza kuziba kuliko kwanza.

Sasa tufanyeje? Chemsha maji yatokote dakika tatu, yapoe hadi yawe vuguvugu. Katika robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisirundikwe. Maji yasiyochemshwa hapana, hata ya mfereji. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, umimine polepole kwenye tundu la juu kwa bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe. Maji yatatokea tundu la pili. Badili upande. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku, kwa majuma kadhaa. Kila mtu na bomba lake, lioshwe na kukaushwa. Kujifukiza kwa sufuria ya maji moto hatushauri, maana watoto huungua.

Halafu moshi. Jiko la Maendeleo hupunguza moshi kuliko mafiga matatu, lakini kama jikoni hamna dirisha, bado mnauvuta. Kutoboa tundu chini ya paa ni kazi ya nusu siku tu. Wazee, hapo tunawatazama ninyi!

Pua isipopata nafuu, nenda kwa daktari. Iko dawa ya kupuliza puani inayopunguza uvimbe. Hutumiwa kila siku, na matokeo yake huja polepole. Kama ni upande mmoja tu na makamasi yananuka, waonyeshe meno pia: jino bovu la juu huweza kuwa chanzo.

Lakini jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, au homa kali ikija na shingo ngumu, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.