Kusoma doktora bila kuacha kazi
(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa chama, Lubumbashi)



Mulituomba tueleze habari ambayo imezunguka toka Ruashi mpaka Katuba: eti watumishi wawili wa shirika wanaacha kazi ya watoto, wanakimbilia cheo cha dokta. Hatuachi kazi. Mchana tuko kwenye shule pamoja na nyinyi, usiku tunasoma. Saa ingine tunaamka saa kumi ya usiku, kwa sababu ndiyo saa umeme unarudi. Basi, juu ya maisha yetu inatosha.

Doktora ambayo watu wa hapa wanajua ni ile ya utafiti, kama ya UNILU: mtu anakuwa asistanti, anaandika teze miaka na miaka, anaitetea mbele ya maprofesa, kisha naye anakuwa profesa. Yetu ni ingine. Ni doktora ya watu wa kazi ya elimu, na tunaisoma kwa mbali kwenye chuo kikuu cha nje. Haikuanza jana: Harvard, huko Marekani, ilianza kuitoa 1921, na Uingereza chuo cha Bristol kiliianza 1992. Ni ya mwalimu, direkta, inspekta, mtu ambaye tayari yuko ndani ya kazi na hawezi kuiacha. Mwanzo kuna masomo na kazi za kuandika, kisha teze. Kwa mtu anayesoma huku anafanya kazi, mara nyingi ni miaka minne mpaka sita. Wako wanaosema ni doktora ndogo. Waseme. Kwetu la maana ni kwamba swali lake linatoka kazini.

Letu lilitoka kwenye daftari ya mtoto mmoja. Ana miaka kumi na moja. Zambia alikuwa Gredi ya 5. Hapa walimuweka mwaka wa pili, pamoja na watoto wa miaka saba. Kwenye hesabu aliandika 1,500. Kule Zambia hiyo ni elfu moja na mia tano. Hapa kwetu ile koma ni virgili, mwalimu anasoma moja na nusu. Pahali pa 2,5 aliandika 2.5, na nukta. Kwa kugawanya, huko namba inayogawanya inawekwa kushoto. Hapa tunaiweka kuume, mstari umesimama katikati. Majibu yake yalikuwa sawa. Ukurasa wote ulijaa misalaba ya bic nyekundu.

Mwalimu si mbaya, tumuelewe. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilikuwa bure kweli, Septemba 2019, kelasi yake imejaa mpaka mlangoni. Hakuna mtu aliyemuambia kwamba mtoto aliyetoka ngambo ya mpaka anaandika hesabu namna ingine. Sheria 14/004 ya 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia, lakini inasema pia lugha za taifa ao za mahali zitumikishwe katika kufundisha. Mwalimu angeweza kumuuliza kwa Kiswahili, “Ulifanya namna gani?” Hakuuliza, na mtoto hakusema. Wengine kati yenu mulirudi zamani toka kambi za Kala na Mwange, mukapita Moba ao Pweto, wengine juzi toka Mantapala. Munakumbuka siku ya kwanza ya watoto wenu darasani.

Sasa, mfadhili mmoja alituuliza: kwa nini doktora, pahali pa kufanya semina kwa walimu? Semina tulifanya, za siku tatu, na chakula na cheti. Mwaka uliofuata misalaba ilikuwa palepale. Na ripoti tunayowatumia nyinyi wafadhili ina nafasi ya kuandika watoto wangapi wamerudi shule. Haina nafasi ya kuandika kwa nini walitoka tena. Hatuwalaumu, ni sisi wenyewe tulikuwa tunaijaza na kuweka sahihi.

Baba mmoja alisema, “Batoto habana hata madawati, na beye banatafuta doktora?” Ana haki. Ndiyo sababu hatutagusa kasha ya chama, hata kama wengine walipendekeza. Kasha ni ya kilio na ya ugonjwa, ibakie hivyo.

Lakini neno lililotunyima usingizi ni la mama mmoja wa Katuba. Alisema juu ya watafiti waliopita: “Balikuyaka hapa, baliandika majina yetu, balienda. Habakurudiaka.” Tulitaka kumjibu kwamba sisi ni wa hapa, si kama wale. Kisha tukafikiri. Ni sisi tunaogawa madaftari na kuandika liste ya watoto. Mzazi anayengojea daftari toka mkono wetu, anaweza kutukatalia akiona hataki kuulizwa? Atasema ndiyo, hata kama moyo unasema hapana. Wale wageni alau hawakuwa na kitu cha kumnyima.

Kwa hiyo tunaleta masharti, muyajadili. Ruhusa haitaombwa na sisi. Itaombwa na komite, siku ambayo hakuna kitu kinachogawiwa. Anayekataa, jina lake hatutalijua. Jina la mtoto halitaandikwa, wala la shule. Na kila sura, mbele ya kuituma kwa maprofesa, tutaisoma hapa kwa Kiswahili. Mukisema tumekosea, tutaandika kwamba mulisema hivyo. Mufadhili anayetaka kusaidia, asitulipie masomo. Alipe karatasi na mashine ya kutoa kopi, ili walimu wapate ukurasa mmoja unaoonyesha hesabu ya Zambia na ya Kongo pamoja. Ukurasa huo hauhitaji kungojea miaka sita. Tumekwisha kuuandika, mwalimu wa yule mtoto alitusaidia. Naye alicheka sana alipoona ile koma, kisha akanyamaza.

Wenye kadi za shule za Zambia ao madaftari ya zamani ya watoto, muyapeleke kwa sekretere wa chama kabla ya mkutano ujao. Yeye atayafunika majina, ndipo atupatie. Na sasa tunasikiliza. Mama wa Katuba aanze.