Mfuko wa Siri wa Msafiri: Namna ya Kulinda Pasipoti na Fedha Safarini

Mazungumzo kwa wasafiri, wafanyabiashara wadogo na wapagazi wa mlima, mjini Moshi



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo kwa umbo, lakini zito kwa matokeo yake: mfuko mdogo unaoshonwa ndani ya vazi, ambamo msafiri huweka pasipoti yake na fedha zake mbali na macho ya watu.

Mji huu wa Moshi ni njiapanda ya wasafiri wa kila namna. Wapo wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wapo wafanyabiashara wanaovuka Holili kwenda Taveta, na wengine wakaendelea hadi Mombasa au Nairobi. Wapo wenyeji wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo wanaorudi nyumbani kila Desemba wakiwa na akiba ya mwaka mzima, kwa ajili ya wazazi, ada za shule na ujenzi. Na wapo wapagazi wanaoshuka mlimani wakiwa na ujira na bahashishi ya siku nyingi za kazi ngumu.

Watu hawa hawafanani kwa kipato wala kwa lugha, lakini wanafanana kwa jambo moja: siku ya safari hubeba mwilini kitu ambacho siku nyingine hawakibebi. Anayeibiwa nauli ya daladala hutembea kwa miguu na yakaisha. Anayeibiwa mtaji hufunga biashara. Anayepoteza pasipoti akiwa ugenini husimama pale alipo, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndiyo sababu tunasema jambo hili ni zito.

Wala si jambo geni kwetu. Wazee wetu walijua kibindo, ile mikunjo ya nguo kiunoni iliyohifadhi fedha kabla mifuko ya suruali haijaenea. Mama zetu hadi leo hufunga noti katika pindo la kanga. Tunalotaka kuwakumbusha ni desturi iliyofuatana na kibindo: mwenyewe hakukifungua mbele za watu.

Fedha ya mkononi na fedha ya akiba

Kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote zinaitegemea, ni hii: mfuko wa siri ni ghala, si duka. Anayeufungua ili kulipia chupa ya maji amekwisha kuwaonyesha walio karibu naye mahali ghala lilipo. Tangu hapo zipu imara na uzi mgumu havimsaidii sana, kwa kuwa siri yenyewe imetoka.

Kwa hiyo gawa fedha zako kabla hujatoka nyumbani au chumbani. Weka fedha ya siku hiyo, yaani nauli, chakula na vitu vidogo, katika mfuko wa kawaida au pochi ndogo, na uwe na noti ndogondogo za kutosha. Fedha ya akiba, pamoja na pasipoti, iingie katika mfuko wa siri. Ikilazimu kuongeza fedha ya mkononi, ingia chooni au chumbani, funga mlango, ndipo ufungue.

Mgawanyo huu una faida nyingine. Ukivamiwa na mtu mwenye silaha, unayo pochi ya kumpa. Mpe, wala usishindane naye. Hakuna pasipoti wala bunda la noti linalolingana na uhai wa mtu.

Jihadhari pia na mkono wako mwenyewe. Watu wengi wakisikia kelele ya "Mwizi!" stendi, au wakisoma tangazo la kuwaonya juu ya wezi, hupapasa mara moja pale walipoficha fedha. Mwizi mwenye subira hahitaji kutafuta. Hungoja tu kuona mkono unakwenda wapi. Hakikisha mfuko wako ukiwa faraghani, na ukiwa mbele za watu uusahau.

Mahali pa kuuweka

Mahali panapofaa kuliko pengine ni upande wa ndani wa kiuno cha suruali au sketi, mbele, karibu na nyonga. Hapo kitu hakikaliwi, na mtu mwingine hawezi kupagusa bila wewe kuhisi. Kwa mavazi mapana kama kanzu, dera au baibui, mfuko ushonwe katika vazi la ndani, kwa maana vazi la juu hupepea na huvuliwa.

Mfuko wa nyuma wa suruali haufai kabisa. Licha ya wizi, mwenye kuukalia huikunja pasipoti. Pasipoti za kielektroniki, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa Januari 2018, zina kifaa kidogo cha kuhifadhi taarifa ndani yake. Pasipoti ya namna hii haikunjwi, haitobolewi kwa pini, wala haibanwi kwa stepla.

Kiatu na soksi huonekana kuwa maficho mazuri, lakini jasho huharibu karatasi, na safari ndefu ya basi humfanya mtu avue viatu akiwa usingizini. Mkanda wenye zipu ya ndani unafaa kwa noti chache zilizokunjwa, lakini pasipoti haiingii. Mfuko wa kuning'iniza shingoni ni mzuri endapo kamba yake haionekani kwenye kola; ikionekana, imekuwa tangazo. Sidiria huhifadhi noti mbili tatu kwa usalama, lakini akina mama wengi huziingizia na kuzitoa sokoni, na hapo tunarudi kwenye kanuni ya kwanza.

Kwa fundi cherehani na dukani

Huhitaji kununua kitu cha gharama. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kukushonea mfuko huu, mradi umweleze unachotaka. Pasipoti ina urefu wa sentimeta 12.5 na upana wa sentimeta 8.8. Mwambie fundi akate mfuko wenye nafasi ya ndani isiyopungua sentimeta 15 kwa 11, ili pasipoti iingie na kutoka bila kulazimishwa. Kitambaa kiwe cha pamba, chepesi na chenye kusukwa kwa karibu, kisichowasha ngozi. Mshono upitishwe mara mbili, na mdomo wa mfuko uwe na zipu au vifungo viwili. Mfuko uning'inie kutoka kwenye mkanda wa kiuno, usishikizwe kwenye kitambaa cha nje, maana mshono ukionekana kwa nje siri imekwisha.

Kabla ya kulipa, jaribu. Tia kitu cha ukubwa wa pasipoti, kaa, chuchumaa, inama, panda ngazi. Kama kinachomoza, kinachoma au kinachora umbo lake juu ya nguo, mrudishie fundi arekebishe.

Ukinunua vazi lililo tayari, liwe jipya la dukani au la mtumba kutoka Soko la Memorial, vuta zipu mara kadhaa na kagua mishono ya ndani kabla ya kulipa, kisha dai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Mwenye duka akisema mfuko haupitishi maji, mwombe aandike hivyo kwenye risiti. Risiti hiyo ndiyo itakayokutetea ukirudi na malalamiko.

Yapo pia makasha na mifuko inayouzwa kwa bei ya juu kwa maelezo kwamba huzuia wezi wasisome pasipoti kwa mawimbi wakiwa mbali. Mlaji na ajue kwamba kifaa cha pasipoti ya kielektroniki kimewekewa kinga: kwa kawaida hakitoi taarifa mpaka mashine ipewe kwanza namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, mambo ambayo yamechapishwa katika ukurasa wa ndani. Mfuko wa kitambaa ulioshonwa vizuri unatosha.

Mlimani

Kilimanjaro ina mashaka yake. Mpandaji huanza na joto na unyevu wa msitu, na usiku wa kwenda kileleni hukutana na baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Kati ya hapo huvaa na kuvua nguo mara nyingi kwa siku. Koti linaloficha pasipoti asubuhi huwa limetupwa juu ya jiwe ifikapo saa sita mchana. Mfuko wa siri uwe katika vazi lile tu usilolivua mchana, na usiku liwe pamoja nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Adui mwingine wa karatasi ni jasho na mvua. Kipande cha kitambaa cha mwavuli uliochakaa, kikishonwa kama bahasha, huzuia maji vizuri, tena hakimweki mtu matatani na katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019.

Malangoni na kambini mpandaji hujiandikisha katika daftari, na hutakiwa kutaja namba ya pasipoti. Iandike namba hiyo katika kikaratasi ili usilazimike kufungua mfuko wa siri mbele ya foleni. Ada za hifadhi nazo hulipwa kwa njia za kielektroniki, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda na bunda la noti kwa ajili hiyo.

Ukiamua kuacha pasipoti au fedha hotelini, zitie katika bahasha, ifunge, weka sahihi juu ya mfuniko wake, na uombe stakabadhi inayoorodhesha vilivyomo. Hoteli makini haitaona ajabu.

Nanyi wapagazi, tunawasihi jambo moja. Siku ya kushuka, iwe kwa lango la Mweka au la Marangu, ndiyo siku mnayobeba fedha nyingi mkiwa na uchovu mwingi. Hesabuni malipo yenu palepale mnapopewa, kisha yagaweni kabla ya kupanda gari la kuelekea mjini. Mwenye akaunti ya fedha katika simu aweke sehemu kubwa kwa wakala wa kwanza anayeaminika, na namba ya siri asiiandike popote wala kuitaja kwa sauti.

Stendi na mpakani

Katika stendi kuu ya Moshi hatari haiko sana ndani ya basi bali mlangoni, pale watu wanaposukumana na wapiga debe wanapovuta mizigo. Kata tiketi mapema na uwe na nauli kamili mkononi. Basi likisimama kwa ajili ya chakula, shuka na vazi lako. Usiache kotini kitu usichotaka kukikosa.

Anayevuka Holili aitoe pasipoti kabla hajafika dirishani, mahali pa faragha, na airudishe vivyo hivyo baada ya kugongewa muhuri. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mtu wa barabarani anayekuahidi bei nzuri zaidi amekwisha kupata faida ya kwanza: amejua fedha zako zinatokea wapi. Wageni nao wakumbuke kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza au kulipia bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Hakuna sababu ya kutembea mjini na dola nyingi mfukoni.

Ikipotea

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya safari, piga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, na uache nakala moja kwa mtu wa nyumbani unayemwamini. Nakala nyingine ikae katika mzigo, mbali na pasipoti yenyewe.

Pasipoti ikipotea, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na upewe hati ya taarifa hiyo, kisha nenda Idara ya Uhamiaji. Mtanzania aliye Kenya aende ubalozi wetu Nairobi au ubalozi mdogo ulioko Mombasa, ambako anaweza kuomba hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani. Usikae kimya kwa aibu. Pasipoti iliyopotea bila kutolewa taarifa inaweza kutumiwa na mwingine kwa jina lako.

Ndugu wasafiri, mkisahau mengine yote, shikeni haya matatu. Gawa fedha zako kabla ya kutoka. Usifungue mfuko wa siri mbele ya mtu. Acha nakala nyumbani. Gharama yake ni kipande cha kitambaa, zipu moja na saa moja ya fundi.

Tahadhari kabla ya hatari. Tunawatakia safari njema na marejeo mema.