SILAHA ZA KESHO NA UWINDAJI: TUWAFUNDISHE NINI VIJANA?

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma

Leo tunazungumza juu ya silaha za kesho na uwindaji. Pengine mtu atauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu sana, kwa sababu sisi wa Turkana tumekwisha kuona silaha mpya ikibadilisha nchi. Aliyeona ya jana anaweza kukisia ya kesho.

1. Mkuki ulikuwa na sheria yake

Babu zetu waliwinda kwa mkuki, upinde na mitego ya kamba. Mwenye mkuki ilimbidi asome nyayo, ajue upepo unatoka wapi, anyatie kwa saa nyingi hadi amkaribie choroa kabisa. Choroa naye ana pembe ndefu, akibanwa hugeuka. Kwa hiyo mtu hakuua ovyo. Si kwamba wazee walikuwa malaika, hapana. Silaha yenyewe iliwawekea mpaka. Jua, uchovu na hofu vilikuwa walinzi wa wanyama.

Mnakumbuka katika kitabu cha Mwanzo, mzee Isaka alimtuma Esau na upinde wake akamletee mawindo. Kabla Esau hajarudi, Yakobo alikwisha kuleta mbuzi kutoka kundini, mama akapika, mzee akala. Uwindaji wa siku hizo ulikuwa wa polepole namna hiyo!

2. Bunduki ilivunja mpaka

Mwaka 1888 Count Teleki kutoka Hungary alifika ziwani kwetu na bunduki kubwa, akiwinda ndovu na vifaru njiani. Nyingine ziliingia kutoka Ethiopia. Lakini mabadiliko makubwa yalikuja 1979. Idi Amin alipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto, na wafugaji wakachukua bunduki zilizobaki. Vita vya Sudan na kuanguka kwa Mengistu mwaka 1991 vikaongeza nyingine.

Sasa tazameni jambo hili. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uwindaji nchini kote mwaka 1977. Yaani sheria ilikuwepo kabla ya bunduki hizo kuja kwa wingi, na bado wanyama waliisha. Kifaru hayuko tena Turkana. Twiga na choroa ni wachache. Na bunduki haikuishia kwa mnyama. Ile iliyolenga swala asubuhi ililenga mchungaji jioni. Hapa hatuhitaji kueleza zaidi. Kila boma linajua limezika nani.

3. Silaha zinazokuja

Bunduki iliondoa umbali. Silaha mpya zinaondoa vilivyobaki.

Kwanza, kuna darubini inayoona joto la mwili. Mnyama akilala gizani kichakani, anaonekana kama kaa la moto. Usiku haumfichi tena.

Pili, kuna bunduki yenye kompyuta. Kampuni ya TrackingPoint ya Texas, Marekani, ilianza kuuza ya namna hiyo zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mpigaji anaweka alama juu ya mnyama, kompyuta inapima umbali, na risasi haitoki mpaka bunduki imelenga sawasawa. Mtu asiyejua kulenga anaweza kupiga kitu kilicho mbali sana.

Tatu, kuna droni, ndege ndogo isiyo na rubani. Inatafuta kundi toka juu, na mwindaji amekaa kivulini.

Mnaona, ujuzi unatoka kwa mtu unaingia katika chombo. Mkuki ulimfundisha kijana subira. Chombo hiki hakimfundishi kitu. Basi kama silaha haiweki mpaka tena, ni sisi watu tuuweke.

4. Wengine wamefanya nini

Hata Marekani, ambako uwindaji unaruhusiwa, mwaka 2014 majimbo ya Colorado, Alaska na Montana yalikataza kuwinda kwa kutumia droni. Wawindaji wenyewe walisema mnyama apewe nafasi ya kukimbia.

Chombo hichohicho kinaweza pia kulinda. Mwaka 2016 kamera za kuona joto zilianza kutumiwa Maasai Mara, na majangili wakakamatwa gizani.

Hata mchezo wa kulenga shabaha unabadilika. Katika Olimpiki ya London ya 2012, wanariadha wa mashindano ya michezo mitano walitumia bastola za mwanga badala ya risasi. Kumbe kijana anaweza kushindania shabaha bila mtu wala mnyama kuumia.

5. Sisi tuanze wapi?

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa michezo na hata ule wa kutafuta kitoweo. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Lakini tumeona sheria peke yake haikutosha. Mwaka 1973 wazee wa Turkana na wa Matheniko walizika silaha Lokiriama wakapatana, na mpaka leo watu hukutana huko kukumbuka. Yale yalikuwa maneno ya wazee, na yamedumu.

Tunaomba kila kikundi kifanye mapatano yake. Bunduki ya polisi wa akiba ni ya kulinda watu na mifugo, isitumike kwa dikidiki. Kijana anayejua nyayo apelekwe kulinda wanyama, ujuzi wake usipotee. Na nyama tutafute kwa njia ya Yakobo: mbuzi wa kikundi, anayefugwa vizuri na kuuzwa vizuri sokoni Kakuma.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Ni wanyama gani walikuwa kwetu wakati wa babu zetu, na sasa hawaonekani?

(b) Silaha mpya ikifika kijijini, nani aulizwe kwanza?

(c) Kijana wetu ataonyesha ushujaa kwa njia gani bila kuua?