Safarjal, Marmelada na Pera Letu



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, naanza kwa kurekebisha kosa langu. Ramadhan iliyopita nilisimama hapa hapa nikasema neno marmelada limetoka kwenye Kiarabu. Watu wakapiga takbir. Baada ya tarawehe ustadh wangu akaniita kando: "Umelisoma wapi hilo, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Basi nikaenda kusoma. Marmelo kwa Kireno ni tunda ambalo Waarabu huliita safarjal. Ni la manjano, limefanana na pea, gumu, na ukilila bichi linakaza ulimi. Lakini lipike na sukari kwa moto mdogo masaa kadhaa, uone! Linageuka jekundu, na likipoa linaganda lenyewe mpaka unalikata kwa kisu kama halua. Hiyo ndiyo marmelada. Wahispania huila na jibini. Na neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, melimelon, yaani tofaa la asali, likapitia Kilatini. Kiarabu hakimo.

Waingereza nao wana hadithi yao, eti jina lilianza Malkia Mary wa Scotland alipougua. Mary alizaliwa 1542, na Mfalme Henry VIII alishaletewa kisanduku cha marmalade mwaka 1524. Hesabu haikubali.

Cha Waarabu ni sukari. Wareno husema açúcar, Wahispania azúcar, na hiyo "a" ya mwanzo ni ile al ya as-sukkar. Hata hivyo Waarabu nao walilipata neno kutoka Uajemi na India, tusijisifu sana.

Jamu kwa Kiarabu ni murabba. Waliosoma sarufi wameshaliona: ni ism maf'ul ya rabba, kulea. Mtoto aliyelelewa huitwa kwa neno hilo hilo.

Wareno walipofika Brazil walipika mapera kwa namna ile ile, ikaitwa goiabada. Huku kwetu, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus 1593, walituachia neno pera. Kwao pêra ni pea. Sisi tukalipa tunda jingine kabisa.

Mimi na mama tumejaribu kwa mapera ya uani. Sufuria ya kwanza iliungua, ya pili imeganda vizuri. Sinia liko pale nyuma, tutalikata baada ya magharibi. Ustadh, kipande chako nimekiweka kando.