Kiwanja kile tuwaachie watoto

Maneno ya tawi la Dar es Salaam mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imetuomba tuzungumze kidogo kabla harambee haijaanza. Kwa kuwa baadhi yetu kazi yetu ni uhasibu, najua mnatarajia mahesabu. Mahesabu tunayo, ila tunaomba tuanze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana, kwenye mkutano kama huu, ni sisi wa tawi la Dar es Salaam tulioleta pendekezo la kujenga fremu sita za maduka kwenye kile kiwanja kilicho kati ya darasa la awali na barabara. Tulipiga hesabu: fremu moja shilingi 40,000 kwa mwezi, fremu sita kwa mwaka shilingi 2,880,000. Tukaandika kwamba eneo lile limekaa bure. Wengi mlipiga makofi. Mwalimu wa darasa la awali alinyoosha mkono, akaambiwa muda umekwisha.

Leo tunaomba pendekezo lile lifutwe, na tutaeleza kwa nini.

Baada ya mkutano ule tulibaki huku wiki mbili na watoto wetu. Mmoja wao, wa miaka mitano, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye geti na ua uliopigwa vitofali. Gari la shule humchukua alfajiri na kumrudisha jioni, na jioni hupewa simu ili atulie. Anajua herufi zote. Lakini siku ya kwanza alishindwa kuteremka njia ya kwenda kwa bibi yake bila kushikwa mkono. Akikanyaga udongo uliolowa, analia. Wenzake wa hapa walikuwa wakiteleza mtelemkoni juu ya magamba ya mgomba, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena.

Siku ya nne alikuwa katikati yao. Siku ya kumi alikuwa anabishana kwenye kombolela nani amehesabu haraka mno. Usiku alilala bila kubembelezwa, na makande aliyoyakataa siku ya kwanza aliomba aongezewe. Hatukumnunulia kitu. Alipata nafasi tu, na wenzake.

Tulianza kujiuliza: kile tulichokuwa tunakiita bure, kwa hesabu gani ni bure?

Tukumbuke sisi wenyewe tulivyofundishwa. Kabla hatujashika kalamu, tulicheza mdako. Unarusha kokoto moja juu, unatoa zilizomo shimoni, unarudisha na kubakiza unayotaka, halafu unadaka ile ya juu. Hiyo ni kujumlisha na kutoa, tena kwa haraka, huku jicho na mkono vikifanya kazi pamoja. Kwenye rede na kombolela tulijifunza kungoja zamu, kukubali kushindwa na kumkumbuka mdogo asiyeweza kukimbia. Kwenye kujipikilisha tulijifunza kupanga, kugawana na kuongea. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele na fimbo.

Wataalamu nao wanasema hivyo hivyo. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, baadaye aliipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, na watoto wake walikuwa na vitalu vyao vya kupanda na kutunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja.

Hata macho yanahusika. Huko Guangzhou, nchini China, watafiti walichukua shule 12, na nusu yake wakaziongezea kipindi cha dakika 40 nje kila siku kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kwenye shule za kawaida, watoto karibu 40 katika kila 100 walipata tatizo la kutoona mbali, kwenye shule zilizotoka nje walikuwa karibu 30. Dawa yenyewe ilikuwa muda wa kukaa nje, ambao huku Upareni hatuununui.

Na sheria ya nchi yetu ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka kucheza na kupumzika katika haki ambazo mzazi anawajibika kumpa mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema watoto watachafuka. Watachafuka, ndiyo, kwa hiyo wavae viatu na wapate maji na sabuni ya kunawa. Wapo watakaosema wataumia. Goti litachubuka. Lakini leo, kwa kuwa kiwanja hakina kivuli wala kitu cha kuchezea, watoto wanakwenda barabarani kwenye bodaboda, na wengine wanateremka hadi kwenye ndiva. Kila mzazi hapa anajua kina cha ndiva iliyojaa. Kiwanja kizuri chenye uzio ndicho kitakachowaweka karibu na macho ya mwalimu. Na wapo wazazi watakaosema tunataka mtoto ajue kusoma, si kucheza. Mtoto anayehesabu mbegu alizookota mwenyewe chini ya mti anajifunza hesabu ile ile ya ubaoni, na ya mbegu haisahau.

Sasa mahesabu. Kamati ya shule imekubali, na mwalimu aliyenyimwa nafasi mwaka jana ndiye aliyetuandikia mahitaji:

Uzio wa michongoma na miche ya miti ya kivuli: shilingi 350,000.
Mchanga wa kuchezea: shilingi 600,000.
Matairi chakavu, magogo na kamba za bembea: shilingi 450,000.
Tangi la maji na mabomba ya kunawia: shilingi 1,100,000.
Banda la wazi la kusomea nje: shilingi 1,900,000.
Jumla: shilingi 4,400,000.

Tutapoteza kodi ya fremu, hatukatai. Lakini fremu zinaweza kujengwa sokoni, ambako wateja wapo. Darasa la awali halina kiwanja kingine, na kwenye milima kama yetu sehemu ya tambarare ikishajengwa hairudi.

Tawi letu limechangishana na kutoa shilingi 1,500,000, ambazo tumeshakabidhi kwa mweka hazina na risiti tunayo. Zimebaki shilingi 2,900,000. Asiye na fedha alete tairi, alete mche, au aje kwenye msaragambo wa kuchimba mashimo ya uzio. Wazee tunawaomba kitu kikubwa zaidi: njooni siku moja kwa wiki mkae chini ya banda lile, muwafundishe hawa wadogo mdako na bao, na muwasimulie hadithi kwa Chasu. Wetu wa mjini tutawaleta kila likizo.

Mwalimu, mwaka jana tulikukatisha. Muda wetu uliobaki ni wako.